Jinsi ya kuchunguza maji ya ardhini kijijini kwako: mwongozo kamili kutoka Kasese

Huku kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia Mpondwe mpakani hadi Katwe kwenye chumvi, maji ya ardhini hubadilika ndani ya safari moja ya boda boda. Chemchemi ya mlimani ni baridi na tamu. Kisima cha bondeni kina ladha ya chumvi. Kingine hutoa maji mekundu alfajiri, na kufika saa nne yamekuwa safi. Wenyeji wameyaona haya maisha yao yote, ila hayajaandikwa popote. Mtaalamu akija hupima siku moja tu, kisha siku hiyo moja inageuka kuwa habari yote ya kijiji kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mjumbe wa kamati ya maji, kijana aliyemaliza sekondari, yeyote mwenye daftari na subira. Nimeuandika kwa sababu ninaamini jambo moja: kipimo kidogo kinachorudiwa kila wiki, mahali pale pale, kwa mkono ule ule, kitakuambia mengi zaidi ya kipimo kimoja cha gharama kubwa. Karibu kila hatua hapa chini imejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha chagua swali moja

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, halafu kamati ya maji, halafu fundi wa pampu wa gombolola, eneo la utawala lililo juu ya kijiji. Fundi huyo usimpite. Anajua kila kisima kilichimbwa lini, kina mabomba mangapi, na kwa nini kile cha shuleni huharibika kila mara. Mweleze unachotaka kufanya kabla hujagusa chochote, maana mtu anayeonekana akiingiza kamba kisimani bila taarifa anaweza kudhaniwa anatia sumu.

Ukitaka kazi yako iwe utafiti rasmi wa kuchapishwa, utahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda lililoko Kampala. Ndani ya hifadhi ya taifa, kama ile ya Queen Elizabeth, huruhusiwi kupima wala kuchukua sampuli bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori. Daftari la kijiji kwa ajili ya kijiji halina mlolongo huo, lakini barua ya mwenyekiti yenye muhuri ibaki nayo mfukoni.

Swali nalo liwe dogo. "Maji yetu yakoje?" ni swali lisilojibika. "Kisima cha sokoni kinashuka kiasi gani kuanzia Juni hadi Agosti?" linajibika kwa kamba na chaki.

Hatua ya 2: Ujue mwamba ulio chini yako

Maji ya ardhini hufuata mwamba, kwa hiyo mwamba ndio wa kwanza kuchunguzwa. Niondoe kwanza kosa moja ninalolisikia kila mahali, hata darasani: Rwenzori si volkano. Ni bonge la mwamba wa kale uliosukumwa juu wakati bonde la ufa lilipopasuka, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Volkano zetu ni Muhabura, Mgahinga na Sabinyo kule Kisoro, Elgon upande wa mashariki, na yale makasoko madogo yaliyotapakaa Katwe, Bunyaruguru na pembeni mwa Fort Portal.

Kwa kazi ya kijijini, gawanya ardhi katika aina tatu.

Ya kwanza ni mwamba wa kale, graniti na naisi, uliobeba sehemu kubwa ya Uganda. Una umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Ukiwa mzima haupitishi maji. Maji hukaa katika sehemu mbili: juu, kwenye tabaka la mwamba uliooza ukawa kama udongo wenye mchanga, na chini yake, kwenye nyufa za mwamba mgumu. Ndiyo maana visima viwili vilivyo hatua 50 kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kimegonga ufa, kingine kimekosa.

Ya pili ni mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mito hadi sakafu ya bonde la ufa. Kasese mjini na tambarare zake ziko hapa. Maji hupatikana bila taabu nyingi, ila chumvi huongezeka mahali ambapo mvua ni haba na jua ni kali.

Ya tatu ni mwamba wa volkano. Kisoro ni mfano mzuri: mvua inanyesha vizuri, lakini mito ni michache, kwa sababu zaha iliyopoa, yaani mwamba ulioyeyuka ukamwagwa na volkano, ina matundu na nyufa zinazomeza maji yote. Yanakuja kutokea chini, kwa wingi, mahali kama chemchemi ya Chuho inayohudumia mji wa Kisoro. Karibu na Fort Portal kuna majivu ya volkano yenye chokaa nyingi, jambo lisilo la kawaida duniani. Unaweza kulijaribu mwenyewe: kwaruza jiwe upate unga, dondoshea siki au maji ya limau, usikilize kwa makini. Likitoa mapovu, lina chokaa, na maji yanayopita humo yatakuwa magumu, sabuni haitatoa povu haraka.

Tembea siku nzima ukiangalia kingo za barabara zilizochongwa, mashimo ya vyoo vipya na machimbo ya mawe. Hapo tumbo la ardhi liko wazi na hulipii chochote.

Hatua ya 3: Orodhesha kila chanzo cha maji

Pita na simu yenye GPS. Kila chemchemi, kisima cha mkono, kisima kirefu cha pampu na dimbwi la ng'ombe upate namba yake, jina ambalo watu wanalitumia, mahali, na aina ya mwamba. Andika pia umbali hadi choo kilicho karibu, na kama kiko upande wa juu au wa chini wa mteremko, maana choo kilicho juu ya chemchemi ni habari nzito hata kama kiko mbali. Kwa wanaokaa kando ya mto Nyamwamba, andika umbali hadi kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Maji yanayopita kwenye mabaki hayo huweza kubeba metali, na metali haina harufu.

Usichague vyanzo ishirini vya kupima kila wiki. Chagua vitatu utakavyoweza kuvifikia hata siku ya mvua.

Hatua ya 4: Pima kina cha maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea.

Unahitaji tepu ya chuma ya mita 30 au 50, kizito kidogo cha chuma kilichofungwa mwishoni, na chaki ya rangi. Paka chaki mita mbili za mwanzo za tepu. Ishushe taratibu kisimani hadi usikie kizito kimegusa maji, kisha ongeza kidogo mpaka alama kamili ya mita ikae kwenye ukingo. Vuta juu. Chaki iliyolowa imebadilika rangi, kwa hiyo unasoma pale ulowevu unapoishia.

Tuseme alama ya mita 18 ilikuwa ukingoni na sehemu iliyolowa ni mita 1.35. Toa, unapata 16.65 kutoka ukingoni. Ukingo wenyewe umejengwa sentimita 60 juu ya ardhi, kwa hiyo maji yako mita 16.05 chini ya ardhi. Andika namba zote, usiandike jibu peke yake. Ukikosea kutoa, mwenzako ataliona kosa miezi sita baadaye na kulirekebisha.

Chora alama ya rangi kwenye ukingo na upime kutoka hapo milele. Ukingo hauko sawa pande zote, na sentimita tano za ukingo zinaweza kukudanganya kwamba maji yamepanda.

Pima kabla ya alfajiri, saa kumi na moja hivi, kabla foleni ya majerikeni haijaanza. Kisima kinachotekwa hushuka, na ukipima saa nne asubuhi utakuwa umepima wingi wa watu. Ikibidi kupima mchana, andika saa na andika "kilikuwa kikitekwa".

Kisima kirefu cha pampu usikifungue mwenyewe. Subiri siku ambayo fundi anakifungua kwa matengenezo, ukapime naye. Tepu isafishwe kwa maji yenye klorini kabla ya kila kisima, la sivyo wewe ndiwe utakayehamisha uchafu kutoka kisima hadi kisima.

Na usishuke kisimani hata mara moja, hata kizito kikikatika. Ndugu zetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, wana neno *mazuku*, wakimaanisha ile hewa mbaya inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na watu bila kishindo. Ni kaboni dayoksaidi kutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, nayo hujikusanya mahali palipo chini. Shimo la kisima ni mahali pa namna hiyo, hata mbali na volkano. Kizito kitanunuliwa kingine.

Hatua ya 5: Pima kasi ya chemchemi

Weka jerikeni la lita 20 lililokatwa mdomo chini ya bomba la chemchemi, upime sekunde kwa simu. Rudia mara tatu na uchukue namba ya katikati. Likijaa kwa sekunde 25, chemchemi inatoa lita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 48 kwa dakika, au lita 69,120 kwa siku. Hakikisha kwanza jerikeni lenyewe ni lita 20 kweli, kwa maana mengine yamevimba kwa jua.

Maji yanayovuja pembeni mwa ukuta wa chemchemi yazibiwe kwa udongo wa mfinyanzi kabla ya kupima, au yaandikwe kwamba yalikuwepo. Uvujaji unaozidi ni dalili ya ukuta kubomoka, na mara nyingine ndiyo sababu ya watu kulalamika kwamba "chemchemi inakauka" wakati maji yapo pale pale.

Hatua ya 6: Pima mvua kila siku

Watu hupenda kuuliza mvua ya mwezi ilikuwa kiasi gani. Kwa maji ya ardhini, siku moja moja ndiyo yenye maana. Mwaka 2009 Michael Owor wa Makerere, pamoja na Richard Taylor, Callist Tindimugaya na David Mwesigwa, walichapisha utafiti uliolinganisha mvua na kupanda kwa maji ya ardhini katika vituo vya Uganda. Walionyesha kwamba kupanda kwa maji kunaendana zaidi na jumla ya mvua za siku nzito, zile zinazovuka milimita 10 kwa siku, kuliko na jumla ya mvua zote. Manyunyu ya kila siku hunywewa na majani na jua. Mvua kubwa ndiyo inayopenya mpaka chini.

Kwa hiyo kipima mvua chako kisomwe kila asubuhi saa tatu, bila kukosa. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka kinafaa. Ukitumia faneli juu ya chupa, pima maji kwa bomba la sindano la mililita, gawanya kwa eneo la mdomo wa faneli katika sentimita za mraba, uzidishe kwa kumi. Faneli yenye mdomo wa sentimita 9 kwa kipenyo ina eneo la sentimita za mraba 63.6. Ukikuta mililita 95, mvua ilikuwa milimita 15, na siku hiyo izungushie duara jekundu daftarini.

Kiweke mbali na miti na mapaa, angalau mara mbili ya urefu wa miti na mapaa hayo. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku ambayo hukupima andika mstari. Sifuri na mstari ni vitu viwili tofauti kabisa, na ninasisitiza hili kwa sababu nimeona daftari la mwaka mzima likipoteza thamani kwa kuvichanganya.

Hatua ya 7: Pima ubora wa maji

Vipimo vitatu hufanywa pale pale kisimani: joto, pH (kipimo cha uchachu wa maji), na uwezo wa maji kupitisha umeme. Hiki cha mwisho hupimwa kwa kifaa kidogo kama kalamu, na kinakuonyesha wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka. Kama unaweza kununua kifaa kimoja tu, nunua hicho. Chemchemi ambayo namba yake imekaa pale pale mwaka mzima kisha ikaruka ghafla imebadilishiwa chanzo, au imeingiliwa na kitu.

Kuhusu maji mekundu. Kisima kirefu chenye pH chini ya 6.5 hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, na tatizo hili limeenea sana Uganda. Chai inakuwa nyeusi, nguo nyeupe zinapata madoa, watu wanakiacha kisima na kurudi mtoni. Kabla hujalaumu mwamba, fanya hivi: alfajiri chukua maji ya kwanza kabisa kwenye chupa angavu, kisha pampu kwa muda mrefu, ukichukua chupa nyingine kila baada ya majerikeni matano. Zipange juani. Wekundu ukipungua kadiri unavyopampu, kutu inatoka kwenye mabomba yaliyolala na maji usiku kucha, na dawa ni kubadilisha mabomba, kwa mfano kuweka ya chuma cha pua. Wekundu ukibaki vile vile, huenda chuma kiko kwenye mwamba wenyewe. Jaribio hili halina gharama, na linaweza kuokoa kisima ambacho kijiji kilishakikata tamaa.

Floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye mwamba, huwezi kuiona wala kuionja, nayo ni tatizo la maeneo ya volkano na bonde la ufa. Meno ya watoto yenye madoa ya kahawia yamechunguzwa na watafiti Kasese na Kisoro pia. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha kidogo, kwa kuwa maji hupungua na floraidi inabaki. Sampuli yake ipelekwe maabara katika chupa ya plastiki, usiiweke kwenye glasi, kwani floraidi hushikamana na glasi. Nilipoanza nilibeba sampuli zangu katika chupa za soda za glasi, nikarudi mikono mitupu baada ya safari ndefu.

Chupa isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayochukua, ijaze hadi juu, andika namba kwenye chupa na wala si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kwa bakteria utaratibu ni mwingine: chupa iliyosafishwa na maabara yenyewe, haisuuzwi, inawekwa kwenye boksi la barafu, na ifike ndani ya saa sita ikiwezekana, isizidi saa 24. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. koli, bakteria wa kinyesi, hata moja katika mililita 100. Wizara ya Maji na Mazingira ina maabara ya taifa Entebbe, lakini muulize kwanza ofisa wa maji wa wilaya kama kuna maabara ya karibu.

Hatua ya 8: Chemchemi za moto na matetemeko

Sempaya kule Bundibugyo maji yanachemka kiasi cha kuivisha yai, na Kitagata watu huoga. Kama una chemchemi ya moto karibu, andika joto, harufu na mapovu mara moja kwa mwezi, ukisimama mahali pagumu, kwa sababu ukoko wa pembeni huweza kuvunjika.

Tetemeko likipita, andika saa, muda lilivyodumu na kilichotikisika, kisha kapime visima vyako vitatu siku hiyo hiyo. Bonde la ufa halijatulia: tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100. Matetemeko huweza kufunga nyufa au kufungua mpya, na chemchemi ikabadilika rangi au kasi. Mwenye namba za kabla ya tetemeko ndiye pekee atakayejua kilichobadilika. Ila usitangaze kijijini kwamba volkano inaamka. Volkano zinazolipuka jirani yetu, Nyiragongo na Nyamulagira, ziko Kongo, na maji ya kisima kupanda kidogo hayatoshi kuwa habari za kuwahamisha watu.

Hatua ya 9: Andika na wanyama

Kwa wanaopakana na hifadhi, daftari la maji bila wanyama lina pengo. Kiangazi kinapokaza, tembo hutoka, viboko hupanda usiku kula majani, na nyani hucheza na mabomba. Maji ya makasoko mengi ya Katwe ni ya chumvi, hivyo chanzo kitamu kilicho nje ya mpaka huvuta kila mwenye kiu. Andika tarehe, mnyama, idadi au ukubwa wa nyayo, uelekeo, na kinyesi kilichokutwa ndani ya hatua kumi za maji. Nyayo zisomwe asubuhi, mapema, kabla watu hawajazikanyaga, na usiende peke yako wala gizani. Siku ya kupima alfajiri nenda na wenzio wawili wenye tochi, au subiri kupambazuke.

Mzoga usiguswe. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika hifadhi ya Queen Elizabeth, na ugonjwa huo humpata mtu anayechuna au kula nyama ya mnyama aliyekufa. Wapigie askari wa hifadhi, uandike mahali, uwazuie watoto na ng'ombe kufika kwenye maji hayo.

Baada ya mwaka, weka rekodi za wanyama kando ya rekodi za kina cha maji. Kama tembo hufika kila kasi ya chemchemi inaposhuka chini ya kiwango fulani, unaweza kuwaonya wenye mashamba wiki moja kabla. Hili peke yake linatosha kunifanya niamke saa kumi.

Hatua ya 10: Chora, onyesha, hifadhi

Nunua karatasi ya grafu. Mvua iwe mistari inayoshuka kutoka juu, kina cha maji kiwe nukta chini yake, tarehe zikiwa sawa kwa sawa. Ukiwa na msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba, utaanza kuona maji yanapanda siku ngapi baada ya zile duara nyekundu. Wiki chache zina maana tofauti na siku chache: kupanda haraka mno baada ya mvua kunaonyesha kwamba maji ya juu yanaingia kisimani kupitia nyufa au ukingo mbovu, pamoja na uchafu wake. Kisima hicho kipimwe bakteria kwanza.

Nukta isiyoeleweka usiifute. Izungushie kwa penseli, andika unachodhani kilitokea, na urudi kupima kesho yake.

Bandika grafu kwenye mkutano wa LC1 kabla hujaituma popote. Mzee mmoja akisema "hapo ndipo walipochimba kisima cha shule," umepata jibu ambalo maabara haiwezi kukupa. Kisha mpe nakala ofisa wa maji wa wilaya, ili ifike kwa kurugenzi ya rasilimali za maji Entebbe.

Piga picha kila ukurasa mwishoni mwa wiki, uitume kwa watu wawili. Mfundishe mtu wa pili kupima kuanzia mwezi wa kwanza, mpime pamoja hadi majibu yenu yasitofautiane kwa zaidi ya sentimita moja, na kila mmoja atie herufi za jina lake kando ya namba aliyoisoma. Siku utakaposafiri, mwachie tepu, chaki na kopo la rangi ya kupaka upya ile alama ya ukingoni.